Shimo Lililodekiwa

6 Januari

Mume wangu,

Mimi mzima, ila nina hasira, na kwa kuwa huko kambini simu yako haishiki mtandao, hasira zangu zitakufikia zikiwa zimepoa. Usidanganyike. Zilikuwa za moto.

Ramani ya nyumba yetu imekataliwa. Nilivaa vizuri, nikapanga foleni ofisi ya ujenzi tangu asubuhi, na mama wa dirishani akaitazama ile ramani uliyoichora kwa mkono wako, akaigeuza juu chini, akaniuliza, "Ripoti ya udongo iko wapi?" Nikamwambia udongo wenyewe upo kiwanjani, aende akauone, hauna kiingilio. Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Kumbe siku hizi ndiyo sheria: hata ukijenga nyumba yako mwenyewe, hupewi kibali mpaka mtaalamu achimbe mashimo kiwanjani, achukue udongo, aupeleke maabara, aseme kama utaibeba nyumba au hautaibeba.

Unajua ninavyoishi hapa. Cherehani ipo katikati ya kitanda na mlango. Mteja akija kupimwa gauni, mimi napanda kitandani ili yeye apate pa kusimama. Wengine wakiona hivyo hawarudi. Nataka duka langu pale chini ya kiwanja, barabarani kabisa, kama ulivyolichora mbele ya nyumba, mtu apite, aone gauni limetundikwa, aingie. Hilo tu ndilo nililokuomba tangu tuoane. Mengine yote umenipa bila kuombwa, hata nisiyoyataka.

Sasa nifanyeje? Nikubali wachimbe?

Mkeo


19 Januari

Mke wangu, mwenye cherehani,

Lori limeleta vitunguu, sabuni na barua yako. Nilianza na barua, vitunguu vikasubiri, na watu wenye njaa wakasubiri vitunguu. Nimetukanwa na kambi nzima kwa ajili yako.

Udongo upimwe? Una homa? Mke wangu, hapo hapo jirani yetu Mama Mapazia amejenga chini kabisa, ukuta kwa ukuta na kiwanja chetu, na nyumba yake imesimama miaka yote hii. Aliupima udongo wake na nani? Hawa watu wa ofisini wanatafuta cha kufanya. Lakini kama kibali hakitoki bila hayo mashimo, basi waite wachimbe haraka, wayafukie, tuendelee na yetu.

Ila nakuomba kitu kimoja. Wakikuambia urekebishe chochote kwenye ramani, rekebisha jiko, rekebisha choo, hata chumba chetu kikipungua sawa, tutabanana. Dirisha la duka usiliguse. Vipimo vyake vibaki vile vile nilivyoandika. Usiniulize kwa nini. Nina jambo langu.

Mumeo, mpishi wa kambi ya barabara


2 Februari

Mume wangu,

Wamechimba. Shimo moja chini, pale litakapokaa duka, na jingine juu kabisa ya kiwanja, kwenye ule mteremko mkali wenye majani ya kukwaruza miguu. La juu halikufika mbali, waligonga jiwe wakaacha. La chini ni refu, nikisimama ndani sionekani. Mtaalamu wa udongo ni mwanamke wa makamo, mguuni buti, kichwani kofia ngumu. Wachimbaji wanamwita Bibi Udongo na yeye anaitika. Alikuwa aje siku ile ile, gari lao likaharibika, akatuma ujumbe kwamba atakuja wiki hii, nimsubiri na mashimo niyaache wazi.

Sasa sikiliza mkeo alivyo mwanamke wa maana. Nilichungulia lile shimo nikaona aibu. Kuta zina mizizi inaning'inia, mabonge yamechomoza, chini vumbi tupu, na mgeni anatoka ofisini na kalamu yake kuja kuangalia mali yetu. Nikaazima ngazi kwa Mama Mapazia. Nikakata mizizi yote kwa mkasi. Nikachota maji, ndoo baada ya ndoo, nikazimwagia kuta, nikazipiga kwa kiganja zikalainika, sakafu nikaideki. Halafu nikachukua ubao, nikaukaza kutoka ukuta hadi ukuta, uwe kiti, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi ya ofisi akiwa amechuchumaa.

Mume wangu, lile shimo linang'aa. Likipata kapeti unalala. Akija atajua hapa kuna watu.

Mkeo


8 Februari

Mume wangu,

Sikusubiri jibu lako linifikie kwanza, nakuandikia tena, maana niliyoyaona siwezi kukaa nayo.

Bibi Udongo amekuja. Akachungulia lile shimo la chini. Akazunguka upande wa pili, akachungulia tena.

"Mama," akaniambia, "hili shimo umelideki?"

"Nimelideki," nikasema. "Kwani kosa?"

Alicheka mpaka akashika magoti. Mimi nimesimama na kitambaa changu mkononi kama mwanafunzi aliyejibu swali la somo jingine. Akanieleza kwamba udongo wa kupimwa unatakiwa uonekane ulivyo, na mizizi yake, na nyufa zake, na uchafu wake, na kwamba nilichofanya mimi ni kumpeleka mgonjwa hospitali nikiwa nimempaka poda usoni ili daktari asijue anaumwa. Nikaona aibu hadi masikioni.

Ghafla akaacha kucheka. "Ule ubao uliuweka wewe?" Nikasema ndiyo, ni kiti chako. "Uliuweka ukiwa umepinda hivyo?"

Nikainama kutazama. Ule ubao, mume wangu, ni mzito, ule uliouacha wa kitanda. Nilikuwa nimeuweka umenyooka. Sasa ulikuwa umepinda, umeinuka katikati, na ncha zake zimezama kwenye ukuta pande zote mbili. Hakuna mtu aliyeugusa. Mchimbaji mmoja akalala kifudifudi, akanyoosha mkono, akauvuta, haukutikisika. Ule udongo ulikunywa maji yangu, ukavimba, ukaubana ubao mpaka ukakunjika. Udongo! Hiki kitu tunachokung'uta kwenye viatu!

Nilisisimka mwili mzima. Nikajikuta nimerudi nyuma, nimetoka kwenye ukingo, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia mgongo wa mnyama aliyelala.

Bibi Udongo hakuruhusu mtu aingie mle ndani, alisema kuta zilizolowa zinaweza kutuangukia. Akaagiza lichimbwe jingine kando, kavu, likakingwa kwa mbao. Lilipokamilika akashuka, akakwangua ukuta kwa kisu, akaniita. Nikashuka. Mume wangu, nimeishi na kupita juu ya ardhi maisha yangu yote, sikujua kama ina ndani. Juu ni weusi mtupu, kupita kichwa changu. Ukiupasua, unavunjika kwa vipande laini vinavyong'aa kama vimepigwa pasi, na yeye akaniambia vinang'aa hivyo kwa sababu vinasuguana. Kila mvua zikija udongo huu unavimba na kupanda. Kila kiangazi unasinyaa na kushuka. Umefanya hivyo tangu kabla hakujakuwa na mtu wa kuona. Chini ya weusi kuna rangi ya majivu, na ndani ya majivu nikaona konokono, wadogo kuliko kifungo cha shati la mtoto, weupe, wamekaa tu. "Hapa palikuwa na maji," akasema. "Ziwa dogo, au bwawa. Kiwanja chako kilikuwa sakafu ya ziwa, mama."

Nilimshika mmoja kwenye kiganja. Nikashindwa kuongea. Unanijua, mimi kushindwa kuongea ni habari ya kuandikiwa barua.

Kabla hajaondoka alinionyesha ufa wa kiangazi kwenye majani, mwembamba, nimeuruka mara elfu. Nikatoa kidonge cha uzi mfukoni, nikafunga kifungo, nikakiteremsha ndani. Uzi ukaenda. Ukaendelea kwenda. Nikaogopa nikauvuta.

Udongo umepelekwa maabara. Tusubiri.

Mkeo


20 Februari

Mke wangu,

Umelideki shimo! Nimewasomea wenzangu jikoni, tumevunjika mbavu, mpaka msimamizi wa barabara akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea na yeye. Sasa kambi nzima inakujua.

Lakini barua yako nimeirudia peke yangu na sikuipenda. Umeandika konokono, umeandika uzi, umeandika ziwa. Hukuandika kama tunajenga. Na Bibi Udongo wako alishasema kitu, nakujua, ukianza kunieleza habari ndefu na tamu ujue umeficha chungu chini yake. Mimi ni mpishi, najua chakula kinavyofunikwa.

Mke wangu, miaka yote hii naamka kabla ya watu, nakanda unga wa mikate isiyoliwa na watu wangu. Kinachoniamsha ni lile duka. Nikiwasha moto nakuona umekaa ndani yake, mguu kwenye cherehani, barabara mbele yako. Ubao uliopinda hauwezi kuniondolea hilo. Tuongeze nondo, tuongeze saruji, nyumba ya Mama Mapazia imesimama na yetu itasimama.

Nilitaka iwe siri mpaka nifike, lakini siwezi tena. Lori lijalo linakuletea mzigo. Mchomeleaji wa hapa kambini amenitengenezea dirisha la duka, la chuma, refu kunizidi, kwa vipimo vya ramani. Nilimlipa kwa kumpikia anavyopenda. Pokea, liweke pahali pazuri, uwaambie hao wa ofisini kwamba dirisha lipo, kilichobaki ni ukuta.

Mumeo


5 Machi

Mume wangu,

Dirisha limefika. Watu wanne wamelishusha. Halikuingia chumbani, limeegemea ukutani nje, na majirani wamejipanga kujitazama kwenye vioo. Amechomelea maua pembeni. Nililishika nikalia, na nitakuambia kwa nini nililia, ukae chini kwanza.

Ripoti imetoka, na kabla haijatoka nilishajua, umenikamata vizuri. Bibi Udongo aliniambia siku ile ile, nikakuficha, kwa sababu ulivyoliandika lile duka kwenye barua zako nilishindwa kuwa mimi wa kulibomoa. Chini hapajengeki, mume wangu. Ule weusi ni mnene mno. Nyumba ya matofali ikikaa pale, udongo utaiinua upande mmoja mvua ikinyesha, utaishusha upande mwingine jua likiwaka, kila mwaka, mpaka ipasuke. Kuna namna ya kushusha nguzo mpaka zipite ule weusi wote, ila hiyo ni kazi ya majengo ya watu wakubwa, sisi hatuiwezi, tusidanganyane. Juu ndiko kuna mwamba. Ofisi watatoa kibali cha juu kesho tukitaka. Lakini juu hakuna njia, mgeni anapanda akihema, na hakuna mtu anayepanda kilima ili akakunjiwe pindo la suruali. Nyumba tutapata. Duka hatupati.

Na mimi nilikuwa na kichwa kigumu kama wewe. Nilimwambia Bibi Udongo maneno yako, kwamba nyumba ya jirani imesimama. Akaniuliza, "Umeingia ndani?" Nikasema mimi ndiye mshonaji wake, pazia zote za nyumba ile nimeshona mimi. Hapo hapo nikaanza kuhesabu. Nimemshonea yule mama pazia miaka mingi, na madirisha yake nayajua, ni machache. Sikuwahi kujiuliza nyingine anatundika wapi.

Nikaenda na ngazi yake, nikajifanya nairudisha. Nikamweleza yote. Akaniangalia, akaenda sebuleni, akavuta pazia moja lililotundikwa ukutani pasipo na dirisha. Ufa, mume wangu. Nikaingiza mkono wangu, ukaenda mpaka kwenye bangili. Akavuta la pili, akavuta la tatu. "Mvua zikija milango inagoma," akaniambia. "Zikiisha inafunguka yenyewe, tunaamka iko wazi. Nilidhani tumerogwa. Nikaona aibu kusema." Tukakaa kwenye kochi lake, wanawake wawili, tunatazama ukuta kama tunatazama televisheni. Na nikuambie ukweli, hata katika huzuni ile nilishangaa. Nyumba nzima, na kuta zake, na makabati yake, na watu waliolala ndani, vinapandishwa na kushushwa polepole na kitu kisichojua hata kama tupo.

Sasa uamuzi ni wako pia. Usinijibu kwa hasira. Uliwahi kuniambia barabara yenu imekata kilima. Nenda kasimame pale ilipokatwa, utazame ukuta wake, ndipo uniandikie.

Mkeo anayekupenda


21 Machi

Mke wangu,

Nilikasirika. Barua yako niliikunja nikaitia kwenye kopo la chumvi. Nikapika vibaya, watu wakala wakanyamaza, na watu wa kambi wakinyamaza juu ya chakula ujue mambo ni mazito.

Halafu nikaenda. Ni hapa hapa, mwendo mfupi kutoka jikoni, magari ya udongo yanapita kila siku na mimi sijawahi kuinua kichwa. Kilima kimekatwa kama mkate. Nilisimama chini yake nikatazama juu mpaka kofia ikanidondoka. Nyekundu, njano, nyeupe, kisha ule ule weusi wako, umelala katikati kama mkanda, halafu nyekundu tena juu yake. Nikamuuliza opereta wa mtambo, weusi ule ni nini. Akasema, "Huo? Huo tunauogopa. Tumeutoa wote tukaumwaga bondeni. Barabara haikai juu yake." Mitambo yote hii, mke wangu, magurudumu marefu kuliko mimi, na wanauogopa.

Nikaweka kiganja changu pale kwenye weusi. Ulikuwa wa baridi. Nikawaza kuhusu ziwa lako, na wale konokono, na miaka iliyolala pale ukutani mmoja juu ya mwingine, na mimi na hasira zangu za duka nimesimama chini yake na aproni. Sikujiona mnyonge. Sijui nilijionaje. Nilitaka tu uwepo, unishike mkono, tutazame wote. Nilikaa pale mpaka wakaja kunitafuta.

Tujenge juu. Nimesema. Dirisha liweke huko huko juu, sebuleni, tutazame mawingu kama matajiri.

Lakini acha niseme na lililo moyoni. Ninaogopa. Nilikuacha peke yako miaka yote hii kwa ahadi moja, na ahadi yenyewe ardhi imeikataa. Sasa nitarudi na nini? Nyumba iliyo kilimani na mke anayepanda kitandani ili mteja apate pa kusimama? Niambie ukweli. Usinifunikie chungu.

Mumeo


12 Mei

Mume wangu,

Msingi wa juu umekwisha, kuta zimeanza kupanda. Siku wanachimba, sururu iligonga mwamba ikalia kama kengele, na Bibi Udongo akapiga goti, akaupapasa kwa mkono mtupu, akasema, "Huu haujasogea tangu uumbwe." Wachimbaji wakavua kofia. Hakuna aliyewaambia wavue. Dirisha lako limeshapata ukuta wake, na ukisimama pale unaiona barabara yote mpaka inapopinda.

Uliniuliza utarudi na nini. Ngoja nikujibu.

Siku kibali cha juu kilipotoka nilimuuliza Bibi Udongo, kule chini hakufai kitu kabisa? Kabisa kabisa? Akafikiri. Akasema udongo ule hauchukii kubeba, unachukia kushikiliwa. Ukiweka kitu chepesi, cha mbao, kisichofungwa chini, chenye miguu juu ya mawe bapa, udongo ukipanda kitapanda nao, ukishuka kitashuka. Kikilala upande unachomeka kabari chini ya mguu, kinanyooka. Akaenda mwenyewe ofisini kuulizia, na kwa kibanda cha mbao hawakutaka ramani.

Basi nimejenga kibanda. Tumekipigia misumari mimi na Mama Mapazia, ambaye sasa amezivua pazia zote za ukutani na anamkaribisha kila mtu aje aone nyufa zake. Cherehani imeingia, meza imeingia, gauni la bluu limetundikwa mbele. Mvua zilipoanza sikukuandikia, nilitaka kwanza nijue.

Mume wangu, kinapanda. Nimejua kwa uzi. Niliweka kidonge cha uzi mezani, kikaanza kubingirika chenyewe, taratibu, kikaenda upande wa barabara, kikaanguka. Nikachomeka kabari. Siku chache baadaye kikabingirika upande wa kilima. Nikachomeka nyingine. Wateja wanaingia wanauliza mbona nimeinama chini ya duka na nyundo, nawaambia nafuata mwendo wa ardhi, wanadhani nina utani. Ila wanaingia! Jana nilikuwa na foleni, na nilikaa chini kwenye kiti changu siku nzima.

Leo asubuhi imenyesha kubwa. Nilifungua mapema, hapakuwa na mtu, nikazima redio, nikaweka miguu yangu mitupu sakafuni nikatulia. Huwezi kuhisi, Bibi Udongo alishaniambia, ni polepole mno kwa mtu. Lakini nilijua kwamba chini yangu lile ziwa la zamani linakunywa, na kwamba linaniinua, mimi na cherehani na gauni la bluu, bila kelele, bila kuniuliza. Nilikaa hivyo mpaka chozi likanitoka, na halikuwa la huzuni.

Kwa hiyo usirudi na kitu. Rudi na miguu yako. Uvue viatu mlangoni, ukae hapa karibu yangu mvua ikinyesha, na sisi wawili tupandishwe pamoja.

Mkeo, mwenye duka